Safari za Miguu za Kuongozwa katika Himalaya ya Nepal

Safari za miguu za kuongozwa ni utalii ambao wageni hutembea milimani kwa siku kadhaa, pengine kwa wiki tatu, wakifuatana na kiongozi mwenyeji na wapagazi. Msafiri hahitaji ujuzi wa kukwea miamba. Njia nyingi ni zile zile ambazo wanakijiji, wafanyabiashara na mahujaji wamezipita tangu zamani. Msimu mkuu ni Oktoba na Novemba, mvua za monsuni zikishakwisha. Wa pili ni kuanzia Machi hadi Mei.

Historia

Nepal ilianza kuwafungulia wageni milango karibu na mwaka 1950. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, sifa za nchi hiyo zilienea duniani kote. Mwaka 1964 Jimmy Roberts, ofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza, alianzisha mjini Kathmandu kampuni ya Mountain Travel, ya kwanza kuuza safari za aina hii. Wateja wake wa kwanza, mwaka 1965, walikuwa wanawake watatu kutoka Marekani. Roberts aliuchukua utaratibu wa misafara ya wakwea milima, wenye mkuu wa msafara, mpishi, mahema na wapagazi, akauweka mikononi mwa watu wa kawaida. Leo mahema yamepungua, na wasafiri wengi hulala katika nyumba za wageni za wenyeji na kula wali kwa dengu.

Njia maarufu

Njia ya Everest huanzia Lukla, kwenye uwanja wa ndege uliojengwa mwaka 1964 chini ya usimamizi wa Hillary. Hupitia Namche Bazaar (mita 3,440) hadi Kambi ya Chini ya Everest (mita 5,364). Mzunguko wa Annapurna huvuka kipito cha Thorong La (mita 5,416). Bonde la Langtang liko karibu zaidi na Kathmandu. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliporomosha barafu na mawe yaliyofukia kijiji cha Langtang.

Afya na usalama

Kambi ya Chini ya Everest iko chini ya kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kwa mita 531. Hata hivyo, anayepanda Kilimanjaro hukaa kileleni muda mfupi akashuka, ilhali msafiri wa Himalaya hulala usiku kadhaa juu ya mita 4,000. Kwa sababu hiyo, akishavuka mita 3,000, mahali pa kulala hapapaswi kupanda zaidi ya mita 500 kwa siku, na siku za mapumziko ni lazima. Asiyezingatia hayo anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko, akajaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na tiba ya kwanza ni kushuka mara moja. Shirika la Himalayan Rescue Association, lililoanzishwa mwaka 1973, lina zahanati Pheriche na Manang.

Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliua watu wapatao 40 katika eneo la Annapurna, wageni na wenyeji. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2023, Nepal iliagiza wageni wawe na kiongozi mwenye leseni katika njia nyingi.

Wapagazi

Si kila mpagazi ni wa kabila la Washerpa, watu wa milima ya juu. Wengi ni Warai, Watamang na Wamagar kutoka mabonde ya chini, na hewa nyepesi huwadhuru kama inavyomdhuru mgeni. Hubeba mzigo kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Shirika la kuwatetea, International Porter Protection Group, liliundwa mwaka 1997 baada ya kijana mmoja mpagazi kufa kwa ugonjwa wa mwinuko. Linapendekeza mzigo usizidi kilo 30 Nepal, na kilo 20 Kilimanjaro.

Safari hizi husimama juu ya migongo ya watu hao. Anayepanga kwenda aiulize kampuni, kabla ya kulipa, wapagazi wake watavaa nini, watalala wapi, na nani atawagharimia wakiugua.