Mali Bila Daftari: Beji za Klabu Yetu ya Huduma na Kumbukumbu za Wazee



Kamati ya jarida hili la maadhimisho ilipotuomba tuandike historia ya klabu yetu ya huduma, tulikubali haraka kuliko ilivyotupasa. Wengi wetu tunaosali katika hekalu hili tumekuwa wanachama wa klabu hiyo ya Lions kwa miaka mingi, na ukumbi wa hekalu umetumika mara nyingi kwa mikutano yake na kwa kambi zake za macho. Tulidhani tutafungua madaftari, tutanakili tarehe na majina, na kazi itakwisha. Madaftari hayakuwapo. Kilichokuwapo ni kopo moja la biskuti lililojaa beji.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi wenye asili ya Gujarat twalijua neno hilo kwa njia yetu. Kila Diwali twayaleta madaftari mapya ya biashara mbele ya Lakshmi na Ganesh, tukayaombea baraka kabla ya kuandika hesabu ya kwanza, katika ibada tuiitayo chopda pujan. Ni aibu, basi, kwamba watu tunaoweza kusema tuliuza magunia mangapi ya sukari mwaka jana hatukuweza kusema kwa hakika kambi yetu ya kwanza ya macho ilifanyika wapi.

Kwa wasomaji wasiozijua klabu hizi, tueleze kwa ufupi. Klabu za huduma za namna hii zilianzia mjini Chicago, Marekani. Mwaka 1905 mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu walianzisha Rotary, wakikutana kwa zamu katika ofisi zao. Mwaka 1917 wakala wa bima wa mji huohuo, Melvin Jones, aliziunganisha klabu kadhaa za wafanyabiashara zikawa Lions. Swali lake lilikuwa jepesi: watu waliofanikiwa katika kazi zao wataufanyia nini mji wao? Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliuhutubia mkutano mkuu wa Lions huko Ohio akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Tangu siku hiyo kazi ya macho imekuwa alama yao duniani kote.

Afrika Mashariki ilifikiwa na Rotary kwanza. Klabu ya Nairobi ilianza mwaka 1930, na ya Dar es Salaam mwaka 1949. Lions walifuata baadaye, na wafanyabiashara wa Kihindi walijiunga kwa wingi, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa geni kwao. Seva, yaani kumtumikia mtu bila kutaka malipo, tulifundishwa na mama zetu kabla hatujasikia habari za Chicago.

Sasa turudi kwenye kopo la biskuti. Tuliletewa na mjane wa mmoja wa wanachama wetu wa zamani. Alikuwa anahama Upanga kwenda kuishi kwa binti yake, na mjukuu alikuwa amekwisha kuliweka kopo hilo pamoja na vyuma chakavu. Mama huyo akalitikisa, akasikia mlio, akalifungua. Ndani mlikuwa na beji mia na kitu, baadhi zikiwa zimeshikamana kwa kutu. Alituambia hivi: "Bhai, mimi sijui maana yake. Lakini alikuwa akizipanga kila Jumapili. Kitu kinachopangwa kila Jumapili hakitupwi."

Beji ya Lions ni kitu kidogo, chepesi kuliko shilingi, hubandikwa kwenye ukosi wa koti upande wa kushoto. Katikati pana herufi L, na pembeni vichwa viwili vya simba, kimoja kikitazama huku na kingine kule. Tuliambiwa tulipojiunga kwamba simba mmoja anatazama tulikotoka na mwingine tuendako. Wengi wetu tuliisikia maana hiyo, tukaisahau.

Anayejua kuzisoma, beji humweleza mengi. Zipo za vyeo: rais wa klabu, katibu, mweka hazina. Zipo za miaka ya utumishi, kuanzia 10, kisha 15, 20, 25 na kuendelea. Zipo zenye jina la Melvin Jones, ambazo hutolewa kwa heshima kufuatia mchango wa dola 1,000 kwa mfuko wa kimataifa wa Lions, ulioanzishwa mwaka 1968. Zipo pia za kubadilishana, ambazo kila nchi hutengeneza za kwake, na wanachama wanapokutana katika mikutano mikuu hupeana kama wafanyavyo watoto kwa stempu. Katika kopo lile tulikuta za Japani, za India na za Brazil, ishara kwamba mwenye kopo alisafiri, au alikutana na waliosafiri.

Namba nazo husema. Namba ya Lions wa Afrika Mashariki ni 411. Wanachama walipoongezeka na wilaya kugawanywa, herufi ziliongezwa, na Tanzania sasa ni 411C. Kwa hiyo beji yenye 411 peke yake ni ya zamani kuliko yenye herufi. Ndugu zetu wa Rotary wana alama ya namna hiyo: beji yenye 9200 ni ya wakati Tanzania ilipokuwa wilaya moja na Kenya, Uganda na nchi nyingine, yenye 9211 ni ya baada ya mgawanyo wa mwaka 2013, Tanzania ilipobaki na Uganda. Tena mwaka wa klabu hizi huanza tarehe 1 Julai, hivyo beji ya rais inagusa miaka miwili ya kalenda. Mtu asiyejua hili hukosea hesabu, kama tulivyokosea sisi mara mbili.

Mtauliza, madaftari yalikwenda wapi? Yaliondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni watu kuhama. Baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo, familia nyingi za Kihindi ziliondoka Dar es Salaam kwenda Uingereza, Canada na India. Mtu anayefunga maisha yake katika masanduku mawili habagui vizuri karatasi. Daftari la mikutano likabaki na katibu, katibu akahamia Leicester, na watoto wake hawakujua ni la nini. Njia ya pili ni maji. Daftari zilizosalia zilihifadhiwa katika stoo ya mwenzetu huko Magomeni, karibu na bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia hadi kifuani. Tulianika karatasi juani siku tatu, lakini wino ulikuwa umekwisha kuondoka. Beji ni chuma, ndiyo maana zilibaki.

Hapo tukafurahi mapema mno. Tulisema: beji zipo, basi historia ipo. Tulizisafisha, tukazipanga juu ya kitambaa cheupe katika ukumbi wa hekalu baada ya ibada ya jioni, tukawaalika wazee waje waseme wanachokumbuka. Walikuja wazee wapatao kumi na wawili. Walizishika, walizigeuza, walicheka. Lakini kila walipoulizwa tukio fulani lilikuwa lini na wapi, walipishana. Beji inasema "rais". Haisemi alifanya nini.

Jambo tunalotaka kulieleza hasa lilitokea jioni ile. Mmoja wa wazee wetu alishika beji moja ya bluu na dhahabu, akasema ilitolewa mwaka wa kambi ya macho ya Mbagala, wakati Mbagala ilikuwa bado mikorosho na minazi. Wote tulitikisa kichwa kukubali, na kalamu ikaanza kuandika. Mlangoni alikuwa amesimama mzee mwingine, mkazi wa Tandika, aliyemleta mmoja wetu kwa gari. Huyo alikuwa dereva wa duka moja la vifaa vya ujenzi tangu miaka ya 1970 hadi alipostaafu. Akaomba radhi, akasema: "Samahani, Bhai. Mbagala ilikuwa mwaka uliofuata. Ile ya kwanza ilikuwa Kigamboni. Tulikosa pantoni la mwisho, tukalala ng'ambo na wagonjwa. Vitanda vilikuwa vinne, watu kumi na tisa."

Ukumbi ukanyamaza. Kisha mzee wetu akaiweka beji chini, akasema polepole, "Kweli. Kigamboni. Tulipika uji asubuhi."

Tukamwomba dereva aketi. Kwa saa nzima alitueleza habari ambazo hatukuwa tumezisikia kwa miaka arobaini. Alikumbuka muuguzi aliyeshika taa ya karabai daktari alipokuwa akipima macho. Alikumbuka bibi aliyeondolewa mtoto wa jicho, ambaye bandeji ilipofunguliwa alitaka kwanza kuuona uso wa mjukuu aliyekuwa akimwongoza kwa fimbo. Alikumbuka idadi ya masanduku ya miwani, maana ndiye aliyeyabeba. Wasomaji vijana wakumbuke kwamba daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Kabla ya hapo kila kitanda na kila chupa ya dawa ilivuka kwa pantoni kutoka Magogoni.

Mmoja wetu akamuuliza, "Nawe beji yako iko wapi, Mzee?" Akatabasamu, akajibu kwamba yeye hakuwa mwanachama. Alikuwa dereva tu.

Tangu jioni hiyo tumelazimika kuitazama meza ile kwa macho mengine. Beji zinamhesabu mwanachama. Hazimhesabu dereva, wala muuguzi, wala mwalimu wa Temeke aliyetufungulia madarasa siku ya Jumamosi ili kambi ifanyike, wala balozi wa nyumba kumi aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazee kwamba matibabu ni bure. Hazimhesabu hata aliyekuwa nyumbani mwetu. Wanawake waliruhusiwa kuwa wanachama kamili wa Lions mwaka 1987 tu. Kabla ya hapo mama zetu na wake zetu walipika khichdi na chai kwa mamia ya watu, wakashona mifuko ya dawa, wakaandika majina ya wagonjwa, na ukosi wao haukubandikwa kitu. Mjane aliyetuletea kopo alifanya kambi nyingi kuliko mumewe. Katika kopo lote hamna beji hata moja yake.

Tena kuna matukio ambayo hayakupata beji kabisa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Mbagala lilipolipuka, watu walikufa na mamia ya nyumba ziliharibika. Siku zilizofuata tulikusanya mablanketi, ndoo, sufuria na unga katika ukumbi huu huu, na majirani wasio wa dini yetu walikuja na pikipiki na mikokoteni kusaidia kuvipeleka. Hakuna aliyefikiri kutengeneza beji siku zile, na ilikuwa sawa. Lakini mtu atakayeandika historia yetu kwa beji pekee ataona karamu zote na ataikosa Mbagala.

Kwa hiyo tumeanza upya. Kila beji sasa ina kadi yake, na kila kadi ina maswali manne: ni ya nani, ni ya mwaka gani, kazi gani ilifanyika mwaka huo, na ni nani aliyefanya kazi hiyo bila beji. Swali la nne ndilo linalotuchukua muda mrefu zaidi, na ndilo lililotufikisha Tandika, Mtoni, Keko, Mwananyamala na Kinondoni Mkwajuni, kuwatafuta watu ambao tulifanya nao kazi na hatukuwahi kuwatembelea nyumbani kwao. Masimulizi tunayarekodi kwa simu na kuyaandika siku hiyohiyo. Jamaa walioko Leicester na Toronto wanatutumia picha za beji zao, mbele na nyuma. Kila kadi hunakiliwa mara mbili na kuhifadhiwa katika nyumba mbili tofauti, zote mbali na bonde.

Kwa wenye beji nyumbani, tunaomba msizisugue kwa limau wala kwa dawa ya kung'arisha shaba, kwani rangi hutoka na maandishi hufutika. Zifuteni kwa kitambaa kikavu. Msiuze, na kama ni lazima kuuza, tupigieni picha kwanza.

Kwa majirani zetu, ombi letu ni kubwa zaidi. Kama uliwahi kubeba kitanda, kushika taa, kuchota maji, kuvusha mgonjwa, au kama wewe ndiye mgonjwa aliyevushwa, wewe ni sehemu ya historia hii, nasi tumechelewa kukuuliza. Njoo ukumbini siku yoyote ya Jumapili baada ya ibada ya asubuhi. Chai ipo.

Mzee wetu wa Tandika alikuja tena mwezi uliopita. Wazee wetu walikuwa wamekubaliana kumpa beji, na yule aliyekosea habari ya Kigamboni akajivua ya kwake ya miaka 25, akambandika. Mzee alishukuru, kisha akaivua, akairudisha mezani pale ilipokuwa mahali pake. "Iandikieni kadi kwanza," akasema. Tumeiandika. Katika swali la nne jina lake ndilo la kwanza.