Lady Alice (mashua)

Lady Alice ilikuwa mashua ya makasia na tanga iliyotumiwa na Henry Morton Stanley alipovuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi kati ya miaka 1874 na 1877. Ilizunguka Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1876 ilitumika pia Karagwe, kwenye ziwa dogo na kwenye Mto Kagera, ambao leo ni mpaka wa wilaya za Karagwe na Kyerwa (Tanzania) na nchi ya Rwanda. Huko ilishindana na mitumbwi ya wenyeji, vyombo vya ufundi wa kale zaidi.

Muundo

Mashua ilijengwa mwaka 1874 na James Messenger huko Teddington, kando ya mto Thames, Uingereza. Ilipewa jina la Alice Pike, mchumba wa Stanley. Urefu wake ulikuwa futi 40 (takriban mita 12), upana futi 6 na kina inchi 30. Mbao zake zilikuwa za mwerezi, nyembamba kuliko unene wa kidole.

Jambo lililoitofautisha na mashua nyingine ni kwamba iligawanyika katika vipande vitano. Kila kipande kilikuwa na urefu wa futi 8, na vyote viliunganishwa kwa skrubu. Ilipofika Zanzibar, vipande vilionekana kuwa vizito mno kwa wapagazi, hivyo fundi alivikata upya ili vibebeke. Msafara uliondoka Bagamoyo mnamo Novemba 1874, mashua ikiwa mabegani mwa watu.

Mitumbwi ya wenyeji

Katika nchi za maziwa makuu kulikuwa na aina mbili kuu za mitumbwi. Ya kwanza ilichongwa kutoka gogo moja na ilifaa kwenye mito na maziwa madogo yaliyozungukwa na mafunjo, kama yale ya bonde la Kagera. Haikuwa na tanga. Ilisukumwa kwa kafi au kwa upondo.

Ya pili ilikuwa mitumbwi mikubwa ya Ziwa Viktoria, maarufu zaidi ikiwa ile ya visiwa vya Ssese. Mkuku wake ulikuwa gogo moja lililochongwa, na juu yake mbao zilishonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja. Mikubwa kabisa ilizidi mita 20 na kuhitaji makumi ya wapiga kafi. Kabaka wa Buganda aliitumia katika vita na biashara.

Ziwa Viktoria na Bumbire

Lady Alice iliondoka Kageyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, tarehe 8 Machi 1875 ikiwa na mabaharia 11 pamoja na Stanley. Ilirudi tarehe 6 Mei baada ya kuzunguka ziwa lote. Safari hiyo ilithibitisha kwamba Viktoria ni ziwa moja, si maziwa kadhaa kama baadhi ya wanajiografia wa Ulaya walivyodhani.

Tarehe 28 Aprili 1875 mashua ilifika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kiko Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Wakazi waliivuta hadi nchi kavu na kuchukua makasia yake. Mabaharia waliisukuma tena majini na kutoroka, wakipiga kafi kwa mbao walizong'oa sakafuni mwake. Mwezi Agosti Stanley alirudi Bumbire akiwa na kundi kubwa la mitumbwi na kuwafyatulia risasi wakazi waliokuwa ufukweni. Kwa hesabu yake mwenyewe watu zaidi ya 30 waliuawa. Kitendo hicho kililaumiwa vikali nchini Uingereza.

Karagwe, 1876

Mwanzoni mwa mwaka 1876 msafara uliingia Karagwe, ufalme wa Wanyambo uliotawaliwa na Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Mfalme huyo alikuwa amewahi kuwapokea Speke na Grant mwaka 1861. Wakati huo Speke aliliita ziwa dogo la karibu Windermere, kwa kulifananisha na ziwa la Uingereza.

Mnamo Machi Lady Alice iliunganishwa kwenye ziwa hilo, na yakafanyika mashindano ya mbio kati yake na mitumbwi ya Karagwe mbele ya Rumanyika. Stanley aliandika kwamba tofauti ya mwendo haikuwa kubwa. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba, kwenye maji tulivu na kwa umbali mfupi, chombo kipya kutoka Ulaya hakikuwa na faida kubwa juu ya mtumbwi wenye wapiga kafi hodari. Ubora wa Lady Alice ulikuwa mahali pengine: iliweza kutumia upepo kwenye maziwa makubwa, na iliweza kufunguliwa na kubebwa kutoka maji haya hadi mengine.

Baada ya mashindano mashua ilipanda Mto Kagera hadi ziwa Ihema, ambalo leo liko nchini Rwanda. Mwishoni mwa Machi msafara uliondoka kuelekea Ujiji.

Mwisho wa mashua

Mnamo Juni na Julai 1876 Lady Alice ilizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Kisha ilibebwa hadi kwenye maji ya Mto Kongo, ambako msukani wake alikuwa Uledi, baharia kutoka Zanzibar aliyesifiwa kwa kuokoa watu wengi mtoni. Mwisho wa Julai 1877 iliachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila, kwa kuwa wapagazi walikuwa wamedhoofika kwa njaa na hawakuweza kuibeba tena. Siku chache baadaye msafara ulifika Boma, karibu na Atlantiki, kwa miguu.

Lady Alice haikudumu zaidi ya miaka mitatu. Mitumbwi ya kuchongwa iliendelea kutumika kwenye maji ya Kagera muda mrefu baada yake.