Mabao 9 ya Ndaye Mulamba, na Daftari Letu Tupu

Wamarekani wana mchezo wa besiboli, na wanauhesabu kama vile mama wa ndagala pale Kalundu anavyohesabu vipimo vyake. Mchezaji akipiga mpira, pigo lake likamwezesha mwenzake kumaliza mzunguko, anaandikiwa pointi. Anayeongoza kwa msimu mmoja ni Hack Wilson wa Chicago Cubs, mwaka 1930. Kwa miaka mingi vitabu vilisema 190. Mwaka 1999 hesabu ikasahihishwa: pointi moja ilikuwa imesahauliwa, kumbe ni 191. Wilson alikuwa amekufa tangu 1948, tena maskini. Jamani, pointi moja tu ya marehemu, na bado waliitafuta!

Sisi tunaye wa kwetu. Machi 1974, kule Misri, Ndaye Mulamba alifungia Zaire mabao 9 katika Kombe la Afrika. Aliyekuwa anaongoza kabla yake ni Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, mabao 8 mwaka 1970. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, tukashinda 2-0. Mabao yote manne ni ya Ndaye. Mpaka leo hakuna aliyefikisha 9 katika kombe moja.

Mtu mwenyewe je? Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha wakamvamia na kumpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town akilinda magari ya watu. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja ukasimama kimya dakika moja kumwombolezea, eti amekufa Angola. Alikuwa hai! Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg.

Kwa hiyo najua mtaniambia: hesabu hailishi mtu. Ni kweli, haikumlisha Wilson wala Ndaye. Lakini bila ile 9, Ndaye angedai nini? Leo tungemtaja kwa lipi? Namba ndiyo iliyobaki kumshuhudia wakati watu walishamzika akiwa hai.

Sasa turudi Uvira. Uliza hapa nani alifunga mabao mengi katika ligi ya mji msimu fulani wa zamani. Mulongwe watakupa jina lao, Kavimvira lao, Kalundu lao, na ubishi utafika usiku. Mimi ubishi naupenda, ila haushuhudii kitu. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba na vilivyokuwamo. Vita vimehamisha watu mara nyingi, na anayekimbia hubeba mtoto na godoro, habebi daftari la mabao. Wazee wenye hesabu kichwani nao wanaondoka mmoja mmoja.

Sisi tuliosoma tunaweza kufanya kitu bila kungoja mradi. Kila mmoja amtafute mzee mmoja aliyecheza au aliyechezesha. Andika mwaka, timu, mfungaji, na nani amekusimulia. Kisha muulize mzee wa pili wa mtaa mwingine. Wakipishana, andika yote mawili, usichague. Piga picha ya ukurasa, mtumie aliye mbali, ili maji yakija yasibebe nakala ya pekee.

Wamarekani walichelewa miaka 69 kwa pointi moja, lakini walikuwa na karatasi za kurudia. Sisi tuanze na karatasi.