Maaskari Walioshuka na Ndege: Stanleyville 1964, Kolwezi 1978

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili munaotusaidia, mara nyingi tunaulizana: juu ya nini vita ikianza kwetu, kitu cha kwanza kinachogombewa ni kiwanja cha ndege? Jibu liko katika historia, na historia hiyo imepita hapa kwetu.

Zamani askari alifika vitani kwa miguu, kwa treni ao kwa meli. Katika mwaka 1935, karibu na Kiev, Wasovieti walionyesha wageni namna maaskari zaidi ya 1,000 wanaweza kuruka toka ndani ya ndege kwa parashuti. Tarehe 20 Mei 1941 Wajerumani walifanya vile katika vita ya kweli, kwenye kisiwa cha Krete. Walishinda, lakini walikufa wengi sana. Mutu anayeshuka toka juu hana muzinga mukubwa, hana gari, na risasi zake ni zile tu alizobeba. Kilichowasaidia ni kukamata kiwanja cha Maleme, ndege zikaanza kutua na kuleta wengine. Parashuti inafungua, lakini kiwanja njo mulango wenyewe.

Sasa tuje kwetu. Katika Agosti 1964, wakati wazee wanaouita vita ya Mulele, Simba walikamata Stanleyville, Kisangani ya leo. Waliua Wakongomani wengi, zaidi sana waliosoma na waliofanya kazi ya serikali. Wakashika pia wazungu mateka, mamia na mamia. Jeshi la serikali na mamluki walikuwa wanakuja kwa barabara, lakini wakubwa wa Ubelgiji na Marekani waliogopa: Simba wakiona magari yanakaribia, wataua mateka. Kwa hiyo walitaka kufika bila kungojewa.

Wapara wa Ubelgiji, wakiongozwa na Kolonel Charles Laurent, walipakiwa ndani ya ndege C-130 za Marekani. Walipitia Uhispania, kisha kisiwa cha Ascension, kisha Kamina. Tarehe 24 Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, wapara 320 waliruka juu ya kiwanja cha Simi-Simi. Kazi yao ya kwanza haikuwa kukimbilia muji. Ilikuwa kuondoa mapipa na magari ambayo Simba waliweka njiani ili ndege zisitue. Nyuma ya muda mufupi ndege zilitua, na wapara wakaingia muji.

Hata vile walichelewa. Simba walikuwa wametoa mateka katika hoteli Victoria na kuwakalisha katika barabara. Waliposikia risasi zinakaribia, walifyatua. Karibu watu makumi mawili walikufa, kati yao munganga Paul Carlson wa Marekani. Wengine, zaidi ya 1,000, walipakiwa ndani ya ndege. Tarehe 26 wapara waliruka tena Paulis, leo Isiro. Mbele mwezi haujaisha, walikuwa wameondoka Kongo.

Na wenye kubaki? Kisasi kilianguka juu ya wenyeji: yule aliyedhaniwa ni Simba aliuawa bila kuhukumiwa, maelfu wakafa. Mbali na viwanja, Simba nao waliendelea kuua, na wamisionari waliokuwa ndani ya pori hawakufikiwa. Familia nyingi zilikaa porini muda murefu. Kule Fizi vita iliendelea miaka.

Kolwezi ilifuata njia ileile. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC, waliotoka Angola, walikamata muji. Tarehe 16 kampuni moja ya wapara wa Zaire ilirushwa, wachache, bila mutu wa kuwafuata haraka; wengi waliuawa. Tarehe 19 karibu maaskari 400 wa Lejio ya Ufaransa, chini ya Kolonel Philippe Erulin, waliruka. Kesho yake wengine waliongezwa, na Wabelgiji walitua kwenye kiwanja. Wazungu zaidi ya 2,000 walitolewa. Wakati wa vita zile za Shaba, wenyeji wengi walikimbilia Angola. Nyuma ya musamaha uliotangazwa na Mobutu mwaka uleule, wengi walirudi. Wale nao walikuwa waliorudi, kama sisi.

Hatusemi kuokoa wale wageni kulikuwa kubaya. Mutu ni mutu. Tunasema kitu kimoja: jeshi la ndege lina nguvu ya saa na siku, na linaokoa mutu aliye karibu na kiwanja. Mukulima aliye kilometa mia toka pale halimufikii, na likiondoka, yeye njo anabaki na hasira ya wote wawili. Kinachomulinda ni kile kinachokaa: barabara inayopitika, zahanati, na majirani wanaojuana.

Iko na jambo lingine. Waliopakiwa ndani ya ndege waliandikwa majina. Wenyeji waliokufa Kisangani na porini, wengi hawana karatasi yoyote. Wazee wa 1964 wanatutoka mumoja mumoja. Kila mwanachama mwenye baba, mama ao babu aliyepita ile vita, amukalie karibu, aandike majina, kijiji na mwaka, alete kwa katibu. Ile kazi haihitaji ndege, lakini ikichelewa, hakuna ndege itakayoirudisha.