Ruhusa

Ruhusa ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kitui na Makueni, kama kwingineko nchini Kenya, mwanafunzi huomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mradi wa kaunti hupata idhini. Idhini hutolewa mara moja, ilhali ruhusa ya Unix, mfumo endeshi wa kompyuta ulioanza Marekani mwaka 1969, hukaguliwa kila faili inapofunguliwa. Kwa hiyo, kwa Unix, ruhusa ndilo neno linalofaa.

Ruhusa za Unix ni tatu: kusoma (4), kuandika (2) na kuendesha (1), ambayo kwa saraka humaanisha kuingia. Hugawiwa mwenye faili, kikundi na wengineo. Kikundi ndicho kiini cha saraka ya programu za pamoja, na Ukambani, waliko watu wa Kitui na Makueni, wazo hilo si geni: wanamwethya, yaani wanachama wa vikundi vya kazi za pamoja, huchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga kwa ushirika. Katika Linux, saraka yenye ruhusa 2775 hurithisha faili mpya kikundi chake, na umask (kichujio cha ruhusa za faili mpya) ya 002 huwaachia wanakikundi nafasi ya kuandika. Moja kati ya hayo mawili likikosekana, wenzake hawawezi kuandika katika faili iliyoundwa na mmoja wao.

Kutoa 777, yaani ruhusa zote kwa wote, ili kuondoa usumbufu ni kosa kubwa: yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha programu inayotumiwa na wote.