Jinsi sinodi ilivyofungua mlango wa mashauriano katika Kanisa Katoliki

KATIKA Kanisa Katoliki, mamlaka ya kuamua yamo mikononi mwa Papa kwa kanisa zima, askofu kwa dayosisi yake na paroko kwa parokia aliyokabidhiwa. Walei, ambao sadaka zao ndizo huendesha parokia, kwa muda mrefu wamekuwa wakiarifiwa tu mambo yakishaamuliwa. Desturi hiyo ndiyo iliyojadiliwa katika sinodi iliyozinduliwa na Papa Francis Oktoba 2021.

Sinodi ya Maaskofu iliundwa na Papa Paul VI mwaka wa 1965 ili kumshauri. Kwa zaidi ya nusu karne, waliopiga kura walikuwa takriban wote maaskofu. Safari hii maoni yalikusanywa kuanzia parokiani, yakapitia dayosisi na mabara, kabla ya vikao viwili vya Vatican, Oktoba 2023 na Oktoba 2024. Humo wanawake zaidi ya 50 walipiga kura, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Hati ya mwisho, yenye ibara 155, ilipitishwa Oktoba 26, 2024. Haimpokonyi askofu mamlaka yake, ila inasisitiza kwamba hawezi kupuuza msimamo uliotokana na mashauriano yaliyoendeshwa ipasavyo. Aidha, inataka mabaraza ya ushauri yawe ya lazima na taarifa ya fedha itolewe kila mwaka.

Hapo ndipo penye kibarua. Kwa mujibu wa sheria za kanisa za 1983, kila parokia sharti iwe na baraza la fedha. Hata hivyo, baraza la kichungaji huundwa askofu akiona linafaa, na kauli yake ni ya ushauri tu. Sheria hizo zisiporekebishwa, muumini atazidi kutegemea hiari ya viongozi wake.

Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Tangu miaka ya 1970, maaskofu wa eneo hili wamehimiza jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani husali na kujadili mambo yao.

Machi 2025, mwezi mmoja kabla ya kufariki, Papa Francis aliidhinisha ratiba ya utekelezaji itakayokamilika kwa mkutano wa Vatican Oktoba 2028. Mrithi wake, Papa Leo XIV, ameendelea nayo.