Risiva moja au mitambo tofauti? Pima kabla ya kununua

Wengi waliohama nyumba za kupanga jijini Nairobi wakajenga Kitengela na Kajiado sasa wana sebule pana, na wapenzi wa filamu miongoni mwao hujiuliza iwapo risiva yao ingali inatosha.

Risiva hufanya kazi mbili ndani ya sanduku moja: huchambua sauti za filamu, kisha huzipa nguvu ya kuendesha spika. Katika mitambo tofauti, kazi hizo hugawanywa baina ya kichakataji na amplifaya.

Mgawanyo huo hufaa chumba kikiwa kikubwa, au spika zikiwa za omu 4, ambazo hudai umeme mwingi. Risiva ndogo ikilazimishwa hupata joto, sauti hukwaruza, na huenda ikajizima. Hata hivyo, wingi wa wati usikuhadae. Kutoka wati 100 hadi 200, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni.

Tazama kwanza nyuma ya risiva. Ikiwa ina matundu ya kupeleka sauti kwenye amplifaya ya nje, nunua amplifaya pekee, risiva ibaki kuwa kichakataji.

Kagua pia volti. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mtambo wa mtumba uliotengenezewa volti 120 za Marekani pekee utaungua ukichomekwa bila transfoma.

Na ikiwa kasoro ni mwangwi wa kuta za mawe na sakafu ya vigae, zulia na mapazia mazito yatakufaa kuliko amplifaya yoyote.